Mchanga wa Paje Hauwi Kioo

Hotuba ya fundi wa kioo kwa vijana wa sanaa na mafundi, Mji Mkongwe, Unguja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliokaa mbele, walimu, mafundi wa milango na masonara mlioacha meza zenu alasiri hii, na nyinyi wanangu mliojaa hadi kwenye ngazi, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze kazi yangu ya kioo, na namna ninavyoiingiza humo bahari na miti ya visiwa hivi. Nitaanzia kwenye mchanga, kwa sababu hapo ndipo karibu kila mtu anapodhani kazi yangu inaanzia.

Anayeingia karakanani kwangu, mgeni au mwenyeji, huniambia nimebahatika: mchanga mweupe umenizunguka, malighafi ya bure. Basi chukueni konzi moja ya mchanga wa Paje au wa Bwejuu, mukamulie ndimu. Mutauona unatoa mapovu. Ule ni mabaki ya matumbawe, simbi, makome, na mimea ya baharini inayojijengea chokaa mwilini, vyote vimesagwa na mawimbi. Ukiutia motoni hauyeyuki. Unakuwa chokaa, basi. Baba yangu alikuwa mchoma chokaa huko Wete, na tanuu nimeliona likipangwa magogo na mawe kabla sijaanza skuli, kwa hiyo najua matumbawe yanafanya nini yakipata moto. Mchanga wa Paje hauwi kioo.

Mchanga unaokuwa kioo ni wa silika, madini magumu ya mawe, na huo ndimu haiushughulishi. Nao peke yake ni mkaidi: unataka zaidi ya nyuzi 1,700 za Sentigredi ndipo uyeyuke. Watu wa kale waligundua kwamba ukiutilia magadi unalegea mapema zaidi, na ukitia na chokaa kidogo kioo hakiliwi na maji. Mpaka leo chupa na vioo vya madirisha hutengenezwa hivyo: kama asilimia 70 silika, asilimia 13 hadi 15 soda itokayo kwenye magadi, asilimia 10 hivi chokaa, na vitu vyengine kidogo. Magadi tunayo Afrika Mashariki, Ziwa Natron upande wetu na Ziwa Magadi upande wa Kenya. Chokaa ndiyo hiyo ya kwetu. Silika safi ndiyo pwani yetu ya mashariki haina.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu msingi wa kazi yangu umekaa juu yake. Maumbile ya hapa hayakutupa kioo. Yametupa vitu vya kutizama. Kioo chenyewe kimetujia kila siku kutoka kwengine, na sisi kazi yetu ni kukifanya kiseme yaliyopo hapa.

Kimekuja kwa majahazi tangu zamani mno. Waliochimba Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa hai kuanzia karne ya 7 hivi, walikuta ushanga wa kioo na vipande vya vyombo vya kioo kutoka ng'ambo ya bahari, Bara Hindi na nchi za Ghuba. Watu wa bandari hiyo walikuwa wavuvi na wafanyabiashara wa pwani hii hii ya kusini, na mabinti zao walivaa kioo shingoni miaka elfu na zaidi iliyopita. Baadaye zikaja bilauri, mirashi ya kunyunyizia marashi kwenye maulidi, na vioo vya rangi juu ya milango na kwenye roshani. Ukitoka hapa ukateremka Malindi, simama mbele ya ile zahanati ya zamani aliyoianzisha mfanyabiashara tajiri Tharia Topan mwaka 1887, ikamalizika 1894. Watu hupiga picha nakshi za mbao. Nawaomba safari hii mutizame vioo. Nendeni asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa mashariki, muone rangi zinavyolala juu ya sakafu, kisha rudini alasiri. Nyumba ni ile ile na rangi zimehama. Fundi aliyeweka vile vioo alijua kwamba jua litamaliza kazi yake kila siku, na kila siku kwa namna nyengine.

Leo kioo kinakuja kikiwa chupa. Chupa ya soda ina thamani, hulipiwa amana, hurudi kwenye kreti yake na kwenda kujazwa tena. Chupa ya mvinyo ya hotelini haina pa kurudi. Kuipeleka bara ni gharama kuliko thamani yake, basi inafukiwa, inatupwa vichakani nyuma ya hoteli, inakata miguu ya ng'ombe na ya watoto. Kioo hakiozi. Wajukuu wa wajukuu zetu watakikuta kama sisi tulivyoukuta ushanga wa Unguja Ukuu. Wapo wenzetu hapa Unguja wanaozikata chupa hizi kuwa gilasi na taa, na nawaheshimu sana, maana wameifanya taka iuzike. Mimi nimechukua njia ya kuziyeyusha.

Mzee mmoja niliyemheshimu sana aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, hizi si chupa za ulevi?" Ni swali la haki na sikulipuuza. Mimi si mwanachuoni, sitoi fatwa. Nilimwambia ninachokijua kwa mikono yangu: chupa huoshwa, husagwa, huoshwa tena, kisha hukaa kwenye tanuri ya nyuzi 1,100 na zaidi, na kwenye moto ule hakibaki chochote cha kilichokuwamo. Kinachobaki ni silika, soda na chokaa. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumfanyia taa ya barazani. Nikamfanyia.

Sasa nizungumze rangi, maana hapa ndipo visiwa vinapoanza kuingia kazini. Kwenye biashara ya sanaa ya kioo, nchi zilizoendelea katika kazi hii, unanunua rangi: kobalti kwa buluu, shaba kwa feruzi, hata dhahabu kwa wekundu wa yakuti. Mimi rangi zangu ni zile za taka. Kahawia ya chupa ya bia, inayotokana na chuma, salfa na kaboni vikikutana. Kijani cha mvinyo, ambacho ni chuma na kromiamu. Na ile nyeupe ya chupa ya kawaida, ambayo ukiitizama ubavuni ina kijani kidogo kwa sababu ya chuma kilichobaki kwenye mchanga wake. Rangi tatu. Kwa miaka mingi watu wamenionea huruma kwa rangi hizo tatu, na mimi naona zinatosha. Nendeni Jozani, mukavuke ule ujia wa mbao kwenye mikoko wakati maji yanatoka. Maji yale yaliyolala kwenye mizizi, yameloweka majani, ni kahawia ya chupa ya bia, ile ile. Nendeni Chwaka siku ya bamvua, maji yakirudi juu ya nyasi za bahari, mutizame ukingo wake: kijani cha chupa. Na ile nyeupe yenye kijani ndani yake ni maji ya kina kifupi juu ya mchanga saa sita mchana. Nikipewa leo rangi arubaini sijui kama ningetizama kwa makini hivi.

Kuna sharti moja. Chupa za aina mbili usizichanganye kwenye donge moja ila umezijaribu. Kila kioo kina kiasi chake cha kutanuka kikipata joto na kusinyaa kikipoa, na viwili vikisinyaa kwa viwango tofauti vinavutana hadi kimoja kinaachia. Unaweza kukiweka kwenye rafu kizima, kikapasuka baada ya wiki. Na kioo cha chupa kina tabia yake: kimetengenezwa kwa ajili ya mashine inayofanya chupa kwa sekunde chache, kwa hiyo kinaganda upesi. Kikitoka tanurini ni kizito kama asali, umbo utakalo lazima uwe nalo kichwani kabla hujachovya bomba la kupulizia. Huna nafasi ya kufikiri ukiwa umekishika. Kufikiri kunafanywa pwani, siku nyengine, kwa kalamu.

Ndiyo maana nawapeleka wanafunzi wangu baharini kabla ya kuwapa bomba la kupulizia. Tunafuatana na akina mama wa mwani. Kilimo cha mwani kimeingia hapa mwaka 1989, na walioibeba kazi hiyo mgongoni ni wanawake. Maji yakitoka, unaona vijiti na kamba zimepangwa hadi mbali, na mama ameinama anafunga vishada kimoja kimoja. Nilianza kutengeneza mwani wa kioo kwa chupa za kahawia, matawi yake marefu, yamening'inizwa kwenye kamba halisi. Mama mmoja wa Paje alikuja kuutizama. Akauzunguka kimya, kisha akasema, "Mzuri, lakini huu ni mwani wa zamani." Akanionesha wa siku hizi. Ule mwani mnene, wenye bei nzuri, hauvumilii maji yanapopata moto kupita kiasi. Ncha zinapauka, zinakuwa nyeupe, zinalainika na kukatika, na mavuno yanachukuliwa na maji. Wengi wameuacha, wamebaki na mwani mwembamba ambao bei yake ni ndogo. Wengine wanajifunza kwenda kina kirefu zaidi, na wengi wao hawakulelewa kuogelea.

Kwenye ufundi wetu kuna kitu ambacho kila kitabu kinakihesabu kuwa kasoro. Kioo ukikiacha muda mrefu kwenye joto la kati, nyuzi 750 hivi, uso wake unafanya chembechembe, unapata ukungu mweupe, unapoteza mng'aro. Kioo cha chupa kina maradhi hayo zaidi kuliko vioo vya wasanii. Nikaufanya mwani upya, na safari hii ncha za matawi nikaziacha kwenye joto lile makusudi, mpaka zikapauka. Kazi hiyo iko pale mezani, ya pili kutoka dirishani. Mama yule ameiona. Hakusema nzuri. Alisema, "Ndio huu."

Neno lake ndilo kipimo changu. Nikiulizwa falsafa yangu, nasema kitu cha maumbile nilichokitengeneza lazima kitambulike na mtu anayeishi nacho. Mtalii akikipenda, alhamdulillahi, nami nalipa kodi ya nyumba. Lakini twiga wa kioo sitengenezi. Unguja haina twiga, Pemba haina twiga, na kila duka la Mji Mkongwe limejaa twiga. Pemba ina popo wake mkubwa asiyepatikana popote duniani ila pale, na katika msitu wa Ngezi unaweza kumuona akining'inia mchana na rangi yake ya dhahabu. Unguja ina kima punju. Nani amewahi kumuona popo wa Pemba kwenye kioo? Kazi hizo zinatusubiri.

Msidhani kutizama ni jambo dogo. Kulikuwa na baba na mwana, Leopold na Rudolf Blaschka, mafundi wa karibu na Dresden, Ujerumani. Mwaka 1853 Leopold alikuwa kwenye jahazi kuelekea Marekani, upepo ukakatika, chombo kikasimama baharini. Usiku akawa anatizama viumbe wanaowaka ndani ya maji. Wale hakuwasahau. Baada ya miaka kadhaa akaanza kuwatengeneza kwa kioo: konyeza, matumbawe laini, konokono wasio na gamba, na majumba ya makumbusho yakawa yanamgombania. Sababu ni hii. Samaki unaweza kumkausha. Ndege unaweza kumjaza pamba. Konyeza ukimtia kwenye chupa ya spiriti ananywea, rangi inaondoka, anabaki kamasi. Kioo peke yake ndicho kilichoweza kumuonesha mwanafunzi wa Ulaya, ambaye bahari hajaiona, konyeza alivyo ndani ya maji. Kisha chuo kikuu cha Harvard kikawaagizia maua na mimea, nao wakafanya kazi hiyo kuanzia 1887 mpaka 1936. Baba alifariki katikati, mwana akaendelea mpaka uzeeni. Vipande kama 4,300. Na nataka vijana mlisikie hili: hawakuwa na tanuri kubwa. Walikuwa na meza, taa ya moto, mvukuto wa kukanyaga kwa mguu, koleo na vijiti vya kioo.

Lakini mafundi wakubwa kuliko akina Blaschka wako kwenye maji yetu hivi sasa. Ukichota ndoo ya maji ya bahari, humo mna vijimea vya chembe moja, havionekani kwa jicho, ambavyo kila kimoja kimejijengea kisanduku cha kioo chenye mfuniko wake, kimetobolewa vitundu kwa mpangilio ambao sonara yeyote hapa angesimama kuuangalia. Inakadiriwa kwamba karibu sehemu moja kwa tano ya oksijeni inayozalishwa duniani inatokana na hivyo. Silika yao wanaichuja kutoka majini, ambamo imeyeyuka kidogo mno, na wanaigandisha kwa joto la bahari. Hawana tanuri, hawana gesi, hawana umeme wa kulipia.

Na sifongo. Zile zinazolimwa na akina mama wa Jambiani ni laini, hazina kioo, ndiyo maana zinafaa kuogea. Zipo jamaa zake nyingi zenye mifupa ya kioo. Iko moja ya kina kirefu, inajulikana zaidi katika bahari ya Ufilipino, ambayo mwili wake wote ni kikapu cha nyuzi za kioo kilichosukwa. Kamba wawili wadogo, dume na jike, huingia humo wakiwa wachanga, wanakua, kisha hawawezi kutoka, wanaishi pamoja mpaka kufa. Wajapani walikuwa wakitoa kikapu hicho kuwa zawadi ya arusi. Mwaka 2003 wanasayansi walitangaza kwamba nyuzi zake hupitisha mwanga kwa namna ile ile ya nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari kuleta intaneti. Na zina jambo ambalo zetu hazina: ukizikunja hazikatiki upesi, kwa sababu zimejengwa tabaka juu ya tabaka. Nimekaa na picha za kikapu hicho usiku mwingi. Subhanallah. Mimi nikiwasha joko langu nawasumbua majirani wa mtaa mzima kwa moshi wa jenereta, na kiumbe asiye na macho wala ubongo anafanya hayo kizani, kwa maji baridi, kimya.

Moto ndio watu wanaopenda kuuangalia. Wakija karakanani wanataka kuona donge linalowaka na mtu anapuliza. Kazi yenyewe iko baada ya hapo, kwenye kupoza. Kioo kikitoka motoni, nje hupoa kabla ya ndani. Nje kumeshaganda, ndani bado kunasinyaa, na ule mvutano unafungwa humo humo. Kwa hiyo kinawekwa kwenye joko la nyuzi 500 na kitu, kikae mpaka joto lilingane kote, halafu kishushwe pole pole. Bilauri nyembamba inatosha usiku mmoja. Kipande kinene kama ngumi kinataka siku kadhaa. Kioo cha darubini kubwa ya Palomar, Marekani, chenye upana wa mita tano, kilimiminwa Disemba 1934 na kikapozwa kwa karibu miezi kumi. Katikati ya kupozwa huko mto ukafurika, joto likakatizwa kwa siku kadhaa, na kikasalimika.

Hapo watu wa Unguja tunaelewana bila maelezo. Mwaka 2009 kuingia 2010 tulikaa miezi mitatu hivi bila umeme kisiwa kizima, waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulipopata hitilafu. Anayepoza kioo katika nchi ya umeme wa kuazima lazima ajenge joko lenye kuta nene, zinazoshika joto saa nyingi umeme ukiondoka. Nimejifunza kuta hizo kwa waashi wa majiko ya mkate na kwa baba yangu. Na nimejifunza kutolifungua joko kwa shauku. Kipande kinachotakiwa Ijumaa nakianza wiki iliyotangulia, na mteja asiyeweza kusubiri namuomba radhi, sipokei fedha yake.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo nimelificha kidogo, maana ndilo lililo karibu zaidi na moyo wangu. Mnaijua aya ya nuru katika Suratun-Nur. Mwenyezi Mungu anaipigia mfano nuru yake: shubaka, ndani yake mna taa, na taa imo ndani ya kioo, na kioo kile kama nyota inayong'ara. Mafundi wa Kairo na Damaski, karne ya 13 na ya 14, walitengeneza taa za misikiti kwa kioo na kuiandika aya hiyo shingoni mwa taa kwa rangi na dhahabu, hivi kwamba ikiwashwa maneno yanawaka kwa kile yanachokisema. Shubaka tunalo sisi. Nyumba za mawe na misikiti ya zamani ya pwani hii ina vidaka ukutani vya kuwekea taa. Na kioo cha taa, chemni, wenye umri wangu wote tumekifuta. Alasiri, kabla ya magharibi, mtoto anapewa chemni na kitambaa, na anaambiwa asikivunje. Masizi yote lazima yatoke.

Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu. Katika mfano ule kioo si nuru, wala si mafuta, wala si utambi. Kinaukinga mwali usizimwe na upepo na kinauacha upite. Kikiwa kichafu, taa ni nzima na nyumba ina giza. Tangu nilipolielewa hivyo nimeacha kuandika jina langu mbele ya kazi. Naliweka chini, linapokaa mezani. Nimeacha pia kuongeza mapambo pale ambapo maji peke yake yanatosha. Kila kipande nakitizama kwa swali moja: je, mtu akikiangalia ataiona Chwaka, au ataniona mimi? Kikinionesha mimi nakirudisha tanurini, na huo ndio wema wa kioo, kinakubali kurudi.

Iko na habari ya Malkia wa Sabaa katika Suratun-Naml, alipoingia kasri ya Nabii Suleiman akadhani sakafu ni dimbwi la maji, akapandisha nguo asirowe, akaambiwa ni kioo. Nawaachia wanavyuoni tafsiri yake. Mimi kama fundi nasimama tu kwenye ule uso wa kioo uliokuwa sawa na maji hata malkia mwenye akili akainua nguo yake. Sijafika hapo, na nataka kufika.

Nimalizie kwa mambo ya kazi, kwa wale wanaotaka kuanza. Msiseme kioo si cha Mwafrika. Ile-Ife, Nigeria, walikuwa wakitengeneza kioo chao wenyewe, kwa udongo na mawe ya kwao, tangu karne ya 11 hivi. Wakrobo wa Ghana mpaka leo wanasaga chupa, wanajaza unga kwenye kalibu ya udongo, wanachomeka kikonyo cha jani la muhogo katikati na kuweka jikoni. Kikonyo kinaungua, tundu la ushanga linabaki. Muhogo tunao. Arusha wapo wanaofanya ushanga na vyombo kwa chupa, na wengi wa mafundi wao ni watu wenye ulemavu. Anzeni na ushanga wa unga wa chupa. Hauhitaji tanuri ya nyuzi 1,100, unafanyika kati ya nyuzi 650 na 850, joko dogo la udongo linaweza.

Vumbi la kioo ni hatari. Msisage kikavu. Lowesheni, na vaeni barakoa ya vumbi ya kweli, kitambaa hakitoshi, maana linalokaa mapafuni halitoki tena. Na pahala pa kazi pasiwe chini ya makuti. Watu wa Venisi waliwahamisha mafundi wao wa kioo kwenda kisiwa cha Murano mwaka 1291 kwa kuogopa moto, na mji wao haukuwa na makuti.

Karakana yangu iko wazi Jumamosi na Jumapili asubuhi kwa kijana yeyote, msichana au mvulana, na ada ni chupa. Leteni zilizooshwa, karatasi imebanduliwa, vifuniko vimetolewa, kahawia mbali, kijani mbali, nyeupe mbali. Kioo cha gari musilete, wala cha runinga. Na kila anayekuja aje na michoro ya kitu kimoja tu anachokiona karibu na nyumbani kwao, amekichora mara nyingi mpaka hahitaji tena kukiangalia. Wa kwanza ambaye ataleta popo wa Pemba nitamsaidia kumtengeneza mimi mwenyewe.

Kazi zilizoko mezani mnaruhusiwa kuzishika. Zipelekeni dirishani, jua bado lipo. Ahsanteni sana.